OTseeker kwa sisi wanafunzi wa tiba kazi: naipa nyota 4 kati ya 5

Nimeitumia OTseeker karibu mwaka mzima, toka nikiwa fildi, na naandika kwa sababu wanafunzi wenzangu wengi wa OT (yaani tiba kazi, ile ya kumsaidia mgonjwa arudi kwenye shughuli zake za kila siku) hawaijui kabisa. Ni hifadhi ya tafiti za tiba kazi, iliwekwa mtandaoni 2003 na wenzetu wa Australia, bure kabisa, unafungua unatafuta basi.

Niseme ukweli, darasani kwetu risechi tuliichukulia kama kitu cha kumalizia chuo. Unaandika proposo, unamkimbiza sapavaiza, unabaindi, unakabidhi, imeisha hiyo. Ukimuuliza mtu utafiti una umuhimu atakwambia ndio tena sana, ila muulize lini alisoma utafiti kabla hajamshika mgonjwa, kimya. Na sio uvivu jamani, bando ni hela, makala nyingi zimefungwa mpaka ulipe kwa dola, takwimu zinatisha, halafu wodini unakuta wakubwa wanafanya walivyofundishwa wao sasa wewe mwanafunzi utasema nini.

Mimi kilichonibadilisha ni splinti, kile kifaa kigumu cha kushikilia mkono ukae sawa. Nilipokuwa fildi, karibu kila mgonjwa wa kiharusi ambaye mkono umelala alikuwa anatengenezewa splinti ya kulala nayo ili kiganja kisikakamae. Kuna mama tulimtengenezea mumewe, akaniuliza, mwanangu hii kitu itamsaidia kweli maana usiku halali. Nikamjibu itamsaidia mama, na palepale nikajua nimejibu hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa. Usiku nikaingia OTseeker nikatafuta kiharusi na splinti kwa Kiingereza, ukaja utafiti wa Natasha Lannin na wenzake wa 2007, watu 63 ambao kiharusi chao kilikuwa bado kipya, wengine walivaa splinti usiku kwa wiki 4 wengine hawakuvaa, na splinti haikuzuia kukakamaa. Asubuhi nikamwambia dada aliyekuwa ananisimamia, nikiogopa kweli, akasema hebu lete, tukausoma kwenye simu yangu, tukaenda kuongea na yule mama na mumewe. Splinti ya usiku tukaacha, muda tukauhamishia kwenye kushika kikombe na kuvaa shati, vitu alivyokuwa anavitaka mwenyewe mzee. Toka siku ile sijawahi kuona risechi ni ya kabatini.

Ninachoipendea zaidi ni maksi. Tafiti za majaribio nyingi zimepimwa kwa skeli ya PEDro, maksi 8 za jinsi jaribio lilivyofanyika na 2 za takwimu zilivyoandikwa, kwa hiyo unaona kama wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, kama aliyepima alijua nani kapata tiba gani. Mimi nilikuwa naogopa somo la takwimu na hapo ndipo nilipoanza kulielewa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu unapata muhtasari tu, makala nzima hupati, na tafiti za miaka ya karibuni hazijakamilika kwa hiyo ukitaka kitu kipya lazima uongeze PubMed, ile hifadhi kubwa ya makala za afya mtandaoni. Pia ni majaribio na mapitio ya tafiti tu, ukitaka kujua mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo anaishije nyumbani hapo hutapata. Na wagonjwa wa kwenye tafiti nyingi ni wa nchi tajiri, wangu anapikia jiko la mkaa akiwa kwenye kigoda na choo ni cha kuchuchumaa, hiyo unaijaza wewe kwa kumuuliza mwenyewe. Hata daktari Sackett na wenzake walivyoeleza 1996 maana ya tiba inayofuata ushahidi walitaka ushahidi uende pamoja na uzoefu wako na anachotaka mgonjwa.

Makala nzima ukiikosa, muulize mtu wa laibrari ya chuo kuhusu Hinari, mpango wa WHO wa kuzipa taasisi za nchi kama zetu makala za afya bure au kwa bei ndogo, au mwandikie mtafiti mwenyewe imeili. Mimi niliandika mistari mitatu tu, siku ya pili nikatumiwa PDF.