Geneva kwa miguu: siku tatu za watu wawili wa ziwa

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imeliwa na hoteli, nitaifikia.

Mimi ni mtu wa Mwanza, mume wangu ni wa Bukoba. Mtu akituambia twende tukaone ziwa, tunacheka kwanza. Ziwa Geneva lina kilomita za mraba kama 580 tu, na Victoria inapita 68,000. Lakini mwezi wa saba tulitimiza miaka 20 ya ndoa, viza ya Schengen tulikuwa nayo, na ndege yetu kupitia Addis Ababa ilitua hukohuko. Tukakubaliana: siku tatu, hakuna kukodi gari, hakuna basi la watalii. Miguu.

Treni kutoka uwanja wa ndege hadi kituo cha Cornavin ni dakika saba, na kutoka hapo unateremka moja kwa moja hadi ziwani. Ukilala hotelini unapewa kadi ya usafiri bure. Yetu ilikuja kwa barua pepe. Inakubalika kwenye basi, tramu, na hata zile boti ndogo wanazoziita Mouettes, ambazo kwangu mimi ni daladala za majini: zinavusha watu ng'ambo hii na ile kutwa nzima. Tulizipanda kila miguu ilipogoma. Tramu tulipanda mara moja.

Asubuhi ya kwanza tulitembea ukingo wa kusini, upande wa Eaux-Vives. Mara mume wangu akasimama. "Mama, hebu ona, Bismarck yenu imezaa mapacha." Kweli, ndani ya maji palikuwa na mawe mawili yamejitokeza. Anayejua lile jiwe la Mwanza ataelewa kwa nini nilicheka. Yanaitwa Pierres du Niton. Ya kwetu ni mwamba wa hapohapo. Haya yalibebwa na barafu zama za kale, ilipoyeyuka yakabaki. Moja lina alama ambayo Waswisi wanaanzia kupima urefu wa nchi yao yote: mita 373.6 juu ya bahari. Ile milima yao mikubwa yote, hesabu yake inaegemea kwenye kijiwe hiki ambacho bata wanakikalia.

Hatua chache mbele ndiyo Jet d'Eau, ile chemchemi ya kwenye kadi za posta. Mita 140 kwenda juu, lita 500 kila sekunde. Kilichonifurahisha ni asili yake. Mwaka 1886 haikuwa pambo. Kulikuwa na mtambo wa kusukuma maji kwa nguvu kwenda kwenye karakana za mafundi, na jioni mafundi wakizima mashine, msukumo unazidi kwenye mabomba. Wakatoboa pa kupumulia. Watu wakaipenda, na mwaka 1891 ikahamishiwa ziwani. Tulisogea hadi karibu kabisa kwenye gati, upepo ukageuka, tukaloa kama vifaranga. Kesho yake upepo ulikuwa mkali zaidi na hawakuifungulia kabisa, kwa hiyo ukiiona inaruka usiseme utarudi baadaye.

Sasa, mahali ninapopapigia debe kuliko pote ni Bains des Pâquis. Ni gati la kuogelea lenye mnara mweupe wa taa mwishoni, ng'ambo ya pili. Tulilipa faranga 2 kila mmoja, tukashinda mchana mzima. Katika mji ambao kikombe cha kahawa kilitutoa karibu faranga 5, nilidhani nimesoma bei vibaya. Maji ni safi, unaona mawe ya chini, na ni baridi ya kukata pumzi. Wanawake wengine wanaota jua vifua wazi. Baba watoto ghafla akapata hamu kubwa ya kusoma ramani.

Sisi tumelelewa kuogopa mambo mawili ziwani, mamba na kichocho. Mamba hakuna. Lakini kuna wadudu wanaoitwa viroboto vya bata, na nilipoulizia nikakuta ni binamu wa kichocho! Vimelea vya ndege, vinapitia kwa konokono vilevile, ila kwa binadamu vinaishia kwenye ngozi: muwasho siku chache, basi. Dawa yao ni kuoga na kujifuta vizuri ukitoka majini. Mimi nilioga, mwenzangu akajifanya mjuzi. Alijikuna hadi Jumatatu.

Mji mkongwe uko kilimani, na vichochoro vyake vingine vina majina ya kutisha: Purgatoire, Enfer, yaani toharani na jehanamu. Unaweza kutoka huku ukaingia kule kabla hujamaliza aiskrimu. Kanisa kuu la Saint-Pierre lina ngazi 157 kwenda juu mnarani. Panda. Ukiwa juu ndipo unaona jinsi ziwa linavyobana hadi kuwa mto Rhône, na mji umekaa pale kooni. Chini yake kidogo kuna benchi la mbao la mita 120 kwenye bustani ya Treille. Jirani na hapo kuna mti ambao ofisa wa bunge lao anauchungulia kila mwaka, jani la kwanza likichomoza anaandika tarehe, na ndiyo majira ya kuchipua yametangazwa. Wamefanya hivyo tangu 1818.

Mume wangu ni Mlutheri wa damu, kwa hiyo Ukuta wa Matengenezo ya Kanisa alikuwa ameupania. Una urefu wa mita 100 hivi, na katikati wamesimama wazee wanne wenye ndevu, kila mmoja mita tano: Farel, Calvin, Bèze na Knox. Akatafuta Luther. Akaenda hadi mwisho, akarudi. Mwisho akalikuta jina tu, limechongwa kwenye jiwe pembeni, na Zwingli upande wa pili. "Yaani Mzee wamempa kiti cha nje," akasema, na hakukubali kupigwa picha na wale wanne. Nimempiga na jiwe.

Saa ya maua tuliiona, tukapiga picha, tukaondoka. Kiti Kilichovunjika mbele ya Umoja wa Mataifa kinastahili muda zaidi: mita 12, mguu mmoja umekatika, kimewekwa 1997 kwa ajili ya waliolipuliwa na mabomu ya ardhini. Pale hatukuongea sana.

Chakula ndicho kitakachokutoboa mfuko. Tulinunua mkate, jibini na cheri dukani tukala kwenye nyasi, isipokuwa usiku mmoja wa sherehe tulipoagiza samaki wao maarufu, minofu ya perche. Mimi, mtoto wa Mwanza, mji unaosafirisha minofu ya sangara hadi Ulaya, nikangoja kipande cha kujaza sahani. Vikaja vijipande kama vidole, vimekaangwa kwa siagi, limau na chipsi pembeni. Vitamu, siwezi kusema uongo. Lakini karibu faranga 40 kwa mtu! Maji usinunue: mabomba ya mitaani yanatoa maji ya kunywa mazuri, beba chupa. Na Jumapili maduka yamefungwa karibu yote isipokuwa ya kituoni, jipange Jumamosi.

Hoteli sasa. Tangazo liliandika kiyoyozi. Kiyoyozi chenyewe kilikuwa feni ya mezani iliyolia kama pikipiki, na dirisha likifunguliwa unaingia mtaa mzima. Tulipolalamika tukaongezewa feni ya pili. Ukienda kiangazi, piga simu uulize kwa maneno: chumba kina kiyoyozi au hakina?

Joto hilo ndilo lililotufukuza chumbani jioni ya mwisho, tukatembea kama nusu saa kufuata mto hadi Jonction. Kuna daraja la reli la juu, ukisimama pale unaona Rhône ikitoka ziwani rangi ya kijani-buluu, na Arve ikishuka kutoka barafu za Mont Blanc, nyeupe kama chai ya maziwa. Inakutana lakini haichanganyiki. Inakwenda ubavu kwa ubavu, mstari umenyooka katikati, hadi inapotea kwenye kona. Ilikuwa saa tatu na nusu usiku, jua ndiyo kwanza linazama, vijana wanapita chini wakielea kwenye maboya na muziki wao. Mume wangu anajikuna, mimi nimevua viatu. Hatukuwa na haraka ya kurudi kwenye zile feni.