Boksi la kete 100 za mbao za kupanga na kuangusha: nzuri sana, ila pitisha kidole kwenye kona za kitako

Hili boksi tunalo wiki ya tatu sasa, mi na mtoto wa dada yangu aliyeanza fizikia mwaka huu, na karibu kila jioni tuko sakafuni tunapanga na kuangusha. Ni kete 100 za mbao zilizopakwa vanishi, umbo lilelile la kete za dhumna ila hazina madoa. Nimezipima kwa rula: urefu milimita 48, upana 24, unene 7 na nusu. Nawapa nyota nne, na ile moja niliyoikata ina sababu yake.

Kilichonifurahisha ni kwamba kete moja tu inakupa somo zima. Tulichukua kipande cha ubao tukaisimamisha kete juu yake wima, uso wake mpana ukitazama upande wa mteremko, af tukainua ubao mwisho mmoja polepole huku mtoto kashika protrakta pembeni. Kwenye nyuzi 9 hivi ikaanguka. Ukiilaza kwa ubavu wake mrefu, yani kimo sasa ni 24, hesabu inasema itafika nyuzi 17, na ukiisimamisha wima lakini ukaigeuza iangukie upande wa upana inatakiwa ifike 26 na nusu. Ila hizo mbili ubao mtupu haukutufikisha, kwenye nyuzi 15 kete ilianza kuteleza ikashuka yote ikiwa imesimama vilevile, mtoto akabaki ananitazama, ikabidi tubandike msasa juu ya ubao ndo zikakaa na kuanguka pale zinapotakiwa.

Mambo yote yako kwenye kitovu cha uzito, yani ile nukta ambayo ni kama uzito wote wa kete umekaa hapo, ambacho kete ikisimama kiko katikati yake, milimita 24 kutoka chini. Ukiiinamisha kidogo inarudi, mradi ukishusha mstari wima kutoka kitovuni bado unatua ndani ya kitako, na ukishapita ukingo basi tena. Uzito wa kete haumo kabisa kwenye hiyo hesabu! Karatasi ya ndani ya boksi inasema kete ni nzito ndo maana haziangushwi na mtu akizigusa kidogo, na hapo wamechanganya, maana ungezitengeneza kwa madini mazito ya risasi kwa vipimo hivihivi bado zingeanguka kwenye nyuzi zilezile 9. Uzito unaongeza nguvu ya kusukuma tu, na yenyewe ukisukuma juu kabisa ni kama sehemu moja kwa 13 ya uzito wa kete, ndo maana ncha ya kidole inatosha.

Sasa ile nyota. Kete 9 kati ya 100 kona zake za chini zimepigwa msasa mpaka zimeviringika. Kwa macho huoni, pitisha kidole utaisikia. Kona ikiviringika milimita 1 tu kila upande, sehemu inayokaa sakafuni inabaki milimita 5 na nusu, na zile nyuzi 9 zinashuka hadi karibu 7. Unapanga kete 60, umebana pumzi, mtu anapita hapo karibu sakafu inatikisika kidogo tu, ile mbovu inaondoka na mstari wote. Imetutokea mara mbili jioni moja na mtoto machozi yalimlengalenga. Tumezitoa hizo 9 tukaziweka pembeni, hatujapata ajali tena.

Nafasi kati ya kete na kete karatasi haijagusia kabisa. Sisi milimita 20 mpaka 25 ndo imetukubali. Tulijaribu 45 na mstari ukakata mara nyingi, na ukifikiria unaona kwa nini: kete inayoanguka inaifikia mwenzake karibu na kitako, kwenye sentimita 1 na nusu hivi kutoka chini, na wakati huo kona yake inashuka zaidi kuliko inavyokwenda mbele, kwa hiyo ya pili inasogea tu. Hata kwa kidole ni hivyohivyo, sukuma chini inateleza, sukuma juu inapinduka. Vanishi yao inang'aa mno, msuguano mdogo, wangeacha kitako bila vanishi ingekuwa bora zaidi.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kete hizi: ili ipinduke, kitovu kinatakiwa kupanda hata theluthi moja ya milimita haifiki, af ikianguka mpaka kulala kinashuka milimita 20 na kitu. Yani nishati inayotoka ni kama mara 70 ya uliyoweka. Ndo maana kete ndogo inaweza kuangusha kubwa kuliko yenyewe. Mwanafizikia Lorne Whitehead wa Kanada aliandika habari hiyo mwaka 1983 kwenye jarida la American Journal of Physics, kete 13, kila moja kubwa mara 1.5 kuliko iliyotangulia. Ukipiga hesabu ya 1.5 mara kumi na mbili, ya mwisho ni ndefu kama mara 130 ya ile ya kwanza. Mtoto kashaanza kuchora vipimo kwenye daftari. Hawa watengenezaji wakitoa boksi la kete zinazokua hivyo, zenye kona kali na kitako kisicho na vanishi, nanunua siku hiyohiyo.