Una msumeno wa meza wa zamani? Hivi ndivyo vya kununua kwanza, na vile vya kuacha

Kama una msumeno wa meza wa zamani, ile mashine ya chuma kizito ambayo mota inanguruma vizuri na meza haijapinda, usikimbilie kuuza. Mara nyingi mashine iko poa kabisa, shida ni kwamba vile vitu vya usalama mwenye nayo wa kwanza alivitoa akavitundika kwenye msumari, wa pili akavitupa, na wewe umekuja kununua meza na bledi inayozunguka wazi kama feni.

Wengi wakianza kununua wanaanza na kava ya juu ya bledi kwa sababu wanaogopa vidole. Sawa, vidole viogopwe, lakini vidole vingi huingia kwenye bledi baada ya mbao kurushwa, yaani mbao inaruka na mkono uliokuwa umeiegemea unabaki hauna pa kuegemea. Meno ya mbele ya bledi yanashuka, yanabana mbao kwenye meza. Ya nyuma yanapanda. Mbao ikigusa ya nyuma inanyanyuliwa na kutupwa kwako, na bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika meno yake yanakwenda kama kilomita 190 kwa saa, fanya hesabu mwenyewe.

Mimi nilirushiwa kipande cha plaiwudi cha mraba, kidogo tu, kama sentimita 40. Kilijitenga na fensi, ule ukingo mrefu unaoongozea mbao, kidogo sana upande wa nyuma, sikuona hata, nikasikia mlio na maumivu chini ya mbavu kwa wakati mmoja. Nilipokiokota baadaye chini yake kulikuwa na mkwaruzo uliopinda kama mundu, ndiyo alama ya meno ya nyuma yalivyokizungusha. Kile kipande bado ninacho.

Kwa hiyo orodha yangu naipanga kwa maswali mawili: hicho kitu kinazuia mbao isiguse meno ya nyuma? Na je, kitabaki kwenye mashine au utakitoa kila baada ya dakika kumi? Maana kitu ukishakitoa mara tatu, mara ya nne hukirudishi, tusidanganyane.

Namba 1: kisu cha nyuma, au angalau spilita

Hiki ni kile kibati kinachosimama nyuma ya bledi, kinaingia kwenye njia iliyokatwa ili mbao isijifunge wala isisogee kwenye meno. Kisu cha nyuma cha kweli kinapanda na kushuka pamoja na bledi na kinalala nayo ukiilaza. Ulaya kiko kwenye misumeno miaka mingi, ila mashine nyingi za zamani za soko la Marekani hazikuwa nacho, zilikuja na spilita, kibati kisichopanda wala kushuka na bledi, kimeshikana na kava, ndiyo maana vyote viwili vilitolewa kwa mpigo mmoja.

Kuna visu vya kufunga kwa bolti kwenye mashine za zamani, lakini lazima ujue modeli yako kwanza na ufungue uone ndani pana nafasi ya kukishika. Ukikipata kinachoingia, nunua hicho, hata kama itabidi vingine visubiri. Angalia unene: kiwe kinene kuliko bati la bledi lakini chembamba kuliko mkato wa meno. Bledi za kawaida zinakata kama milimita 3.2, zile nyembamba 2.4, kwa hiyo kisu cha bledi nene ukikiweka kwenye bledi nyembamba mbao itagota hapo katikati na wewe utaanza kusukuma kwa nguvu, ambacho ndicho hasa hatutaki. Umbali kutoka kwenye meno uwe milimita 3 hadi 8 hivi.

Kisu kikikosekana, kuna vispilita vidogo vinavyopachikwa kwenye bati la katikati ya meza, nyuma ya bledi. Vinafanya kazi kwenye mkato wa moja kwa moja. Ubaya wake ukitaka kuchimba mfereji usiotoboa mbao inabidi uvitoe, ukilaza bledi pia uvitoe, na tumeshaongea kuhusu vitu vya kutoa.

Namba 2: swichi ya sumaku yenye kitufe kikubwa cha kuzimia

Swichi za zamani ni kama za taa, ndogo, ziko chini pembeni, unainama kuitafuta huku mikono imeshika mbao. Na umeme ukikatika ukarudi, mashine inawaka yenyewe. Swichi ya sumaku inajiachia umeme ukikatika na haiwaki mpaka uibonyeze. Chukua yenye bamba kubwa jekundu la kuzimia, ifunge mahali ambapo goti linafika, ujizoeze kuigonga bila kuangalia. Kabla ya kulipa soma kibati cha mota: volti, ampia, fezi moja au tatu. Swichi isiyofika ampia za mota itaungua, na kama waya huzijui muite fundi umeme, hapa si pa kujaribu.

Kwangu ilikuwa karibu iwe namba 1 kwa sababu moja tu, haitolewi kamwe.

Namba 3: vya kusukumia

Kijiti chembamba chenye mkato mwishoni ndicho kila mtu anacho, na mimi sikipendi kivile, kinasukuma nyuma tu wakati mbele ya mbao inanyanyuka. Bora bloku ya kusukumia yenye kisigino nyuma na tumbo refu linalokandamiza mbao chini mpaka ipite bledi yote. Unaweza kuikata mwenyewe kwa kipande cha plaiwudi, na bledi ikiila kidogo unatengeneza nyingine. Zile za dukani zenye mpira chini zinashika vizuri zaidi kwenye vipande vyembamba, ila kazi ni ile ile. Ya chuma usichukue.

Namba 4: bati la katikati lisilo na uwazi

Meza za zamani zina tundu pana kuzunguka bledi, vipande vyembamba vinadumbukia humo vinagota. Bati jipya la mbao ngumu au plastiki linakatwa na bledi yako yenyewe kwa hiyo uwazi hakuna. Pima tundu kwa venia (kile kipimo chenye taya mbili), urefu, upana na kina, kwa sababu mashine mbili zinazofanana kwa macho zinaweza zisifanane hapo.

Namba 5: kava ya juu

Ndiyo, iko namba 5. Ile inayoning'inia kwenye mkono kutoka pembeni ya meza au darini ni nzuri, ina bomba la kuvuta vumbi na haihitaji kutolewa ukichimba mifereji. Inakula nafasi tu na bei yake si ya mchezo. Kama unafanya kazi kila siku na karakana ina watu wanaopitapita, ipandishe iwe namba 2, sibishani.

Namba 6: ubao wa vidole

Huu ni ubao uliochanwa mwishoni kama vidole, unabana mbao kwenye fensi. Mzuri, ila uwekwe kabla ya bledi, usiuweke ubavuni mwa bledi au nyuma yake, maana hapo unafunga mkato na kuleta kile kile unachokikimbia.

Watu huuliza kuhusu SawStop, msumeno wa meza ambao bledi inasimama ndani ya kama milisekunde 5 ikigusa ngozi. Inafanya kazi kweli, lakini breki yake imejengwa pamoja na mashine nzima, haifungwi kwenye msumeno wa zamani. Ukiitaka, nunua mashine yake.

Taa ya leza ya kuonyesha mstari, achana nayo. Glavu ndiyo kabisa usivae, jino likishika kitambaa linavuta na mkono.

Na kabla hujaagiza chochote, weka alama kwenye jino moja, pima kutoka jino hilo hadi mfereji wa meza (ule uliochongwa juu ya meza sambamba na bledi) likiwa mbele, zungusha bledi kwa mkono na umeme umechomolewa, pima tena likiwa nyuma. Vipimo visipolingana rekebisha kwanza, halafu fensi nayo ifuate mfereji, nyuma isikaribie bledi hata unywele. Hela ikibaki chukua bledi ya kupasulia ya meno 24, maana ile ya meno 80 uliyoikuta kwenye mashine inaunguza mbao ndefu na ndiyo inayokufanya usukume kwa kifua.