Fundi wa kuja kwa msimu: uzoefu wangu wa kufanyiwa sevisi viyoyozi, friji na mashine ya kufulia, Unguja

Tunakaa Chukwani, upande unaopokea upepo wa bahari moja kwa moja, na huku hakuna kinachoua mashine kama chumvi. Kwa hiyo nimekubaliana na karakana moja ya Mwanakwerekwe waje mara mbili kwa mwaka, kiwe kimeharibika kitu au hakijaharibika, wasafishe na kukagua viyoyozi viwili, friji, friza na mashine ya kufulia. Nimeridhika nao, ingawa yapo ya kulalamikia na nitayasema.

Kwanza wakati wa kuwaita. Joto la kaskazi likishashika, kuanzia Disemba, kila mtu anamtafuta fundi, na miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo humo: 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, 2026 ikaanza Februari. Friza la nyumba limeshajaa kuku, sambusa na juisi za kufuturia, halafu linaacha kugandisha, na fundi anakwambia, "Dada, nina kazi mpaka wiki ijayo." Mimi nimechagua Novemba, kabla ya joto, na Juni, masika yakishapita. Karakana wenyewe hunitumia ujumbe wa WhatsApp wiki moja kabla, tukapatana siku.

Kazi niliyoipenda zaidi ni ya viyoyozi. Fundi anayekuja ni kijana mtulivu, anabisha hodi, anazima umeme kwenye swichi kuu ya kiyoyozi, kisha anafunga nailoni kubwa chini ya mashine ya ndani ili maji machafu yateremke kwenye ndoo badala ya kitandani. Chujio analiosha, koili ya ndani (mabomba yanayopoza hewa) analipigia maji ya dawa, na bomba la kutolea maji analipuliza mpaka utelezi wote utoke. Ule uvundo wa ukungu tuliokuwa tukiusikia kila kiyoyozi kikiwaka ulitoka humo.

Nje ndiko kwenye vita yenyewe. Alinifungulia mfuniko nikaona vibati vyembamba vya alumini vya koili upande wa baharini vimeota unga mweupe. Ukivigusa kwa ukucha vinamung'unyuka. Alinieleza kwamba alumini ikikaa na shaba, chumvi na unyevu vikaingia kati, alumini huliwa. Dawa yake ni maji baridi ya bomba, yaani yasiyo na chumvi, mengi, tena ya taratibu. Alitumia mpira wa bustani na brashi laini, akisugua kwa kufuata mstari wa vibati. Niliwahi kuona fundi mwengine akipiga mashine ya presha ile ya kuoshea magari, vibati vyote vikalala na hewa ikakosa pa kupita. Fundi wetu aliponyanyua kifuniko cha waya tukamkuta mjusi kafiri amekauka juu ya ubao wa umeme, keshaunguza pembeni. Akausafisha, akaziba tundu alilopitia.

Jengine lililonipa imani ni habari ya gesi. Mafundi waliotangulia, kila wakija wimbo wao ni mmoja: gesi imepungua, tuongeze. Huyu alifunga geji, akasoma, akaniambia, "Gesi iko sawa, dada, siongezi kitu." Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba, na ikipungua maana yake pana mahali panavuja. Anayekuongezea bila kutafuta panapovuja amekuuzia hewa. Kama wewe unaongezewa kila mwaka, mwambie fundi apake maji ya sabuni kwenye maungio yote mbele yako.

Friji na friza alivisogeza kutoka ukutani, akafagia vumbi na manyoya ya paka kwenye koili ya nyuma, akavirudisha akiacha nafasi ya hewa. Kisha akachukua noti ya elfu moja, akaibana kwenye mlango, akaivuta. Juu iligoma, chini ikateleza bila tabu, maana mpira wa chini umelegea na baridi inatoka usiku kucha. Mpira mpya tuliununua Darajani akaufunga siku ya pili, na uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, sasa zinakaa zaidi kuliko zamani.

Alikagua na frijigadi, vile vifaa vya kukinga friji umeme unapocheza. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na waliokuwepo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya ule ulipoharibika tukakosa umeme, hawahitaji kufundishwa thamani ya friza. Siku hizi hatari yetu ni kukatika na kurudi ghafla. Kompresa, mota inayosukuma gesi, ikilazimishwa kuwaka tena kabla presha ya ndani haijatulia, inakwama na kuungua. Frijigadi inasubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme. Langu moja lilikuwa linapitisha papo hapo, akalitupa.

Mashine ya kufulia ilikuwa kazi fupi. Mchanga kwenye chujio la kuingizia maji, sarafu na vibanio vya nywele kwenye pampu, na chokaa, maana maji yetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe.

Malalamiko yangu: saa. Ukiambiwa baada ya Adhuhuri, ujue anaweza kuingia Alasiri imeshasaliwa, na siku moja alimaliza adhana ya Magharibi ikisomwa. Risiti mara ya kwanza nilipewa kwa kuidai. Vipuri haviko ndani ya makubaliano, na hilo hawalisemi mpaka uulize. Nalipa shilingi 35,000 kwa kila kiyoyozi, vyengine kwa mapatano, nusu kabla na nusu kazi ikisha. Lakini kila mashine wameibandika kadi yenye tarehe, kipimo cha gesi na ampea (umeme inaovuta), kwa hiyo fundi yeyote akija anaanzia palipoishiwa.

Zamu ijayo nimeshawaambia waje na rangi ya kuzuia kutu na boliti mpya, kwani fremu inayobeba mashine ya nje, upande wa baharini, imeanza kuliwa.