Maua marefu kwa bustani ya Pwani: ununue lipi?

Ukipita kwenye vitalu vya kando ya barabara Dar es Salaam, jicho hukimbilia mche uliochanua. Tazama chini kwanza. Maua haya marefu huishi kama mgomba, kwa machipukizi. Niliwahi kulipa bei ya juu kwa helikonia ya shina moja yenye ua zuri sana. Sikujua kwamba shina likishachanua halichanui tena. Lilikauka, na chini hapakuwa na kitu. Siku hizi nachagua kiriba (mfuko wa mche) chenye mashina matatu na chipukizi linalotoboa udongo, hata kama hakina ua.

Hata hivyo, helikonia ndiyo namba moja kwangu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, kwa hiyo joto na unyevunyevu wetu vinaifaa. Aina fupi ya rangi ya chungwa hufika kama mita moja na nusu. Ile inayoning'iniza maua mekundu yenye ncha za njano hupita mita mbili. Hutambaa, basi izungushie matofali yaliyozamishwa ardhini.

Ya pili ni alpinia, jamii ya tangawizi, yenye ua jekundu lililosimama wima. Inataka maji mengi na kivuli cha mchana. Kabla hujatoa pesa, ulizia kwa majirani: juu ya ua lake kuukuu huota vimiche vyenye mizizi, unavibandua na kuvipanda.

Ya tatu ni kana, naiweka hapo kwa sababu majani yake huchakaa upesi. Lakini mwenye haraka aanze nayo. Ni rahisi, inavumilia jua kali na udongo wenye maji, na kipande cha tunguu, shina lake la chini ya udongo, huchanua baada ya miezi michache. Usinunue mbegu, ganda lake ni gumu, lazima ulikwaruze ndipo liote.

Ya mwisho ni strelizia kubwa yenye maua meupe. Kwenye kiriba inapendeza, ardhini hupita mita sita, na ua utalisubiri miaka. Kwenye kiwanja kidogo, karibu na ukuta, iache.

Nunua wiki chache kabla ya masika, uchimbe shimo mapema na kulijaza samadi iliyooza. Na umwombe muuzaji akufungulie kiriba: mizizi iwe myeupe, isiwe inanuka.