Kutafuta mashati ya zamani ya Hawaii katika mitumba ya Mwanjelwa, Mbeya

Kwa mtu anayekusanya vitu vya zamani vya mtindo wa tiki, yaani mapambo ya Kimarekani yanayoiga visiwa vya Pasifiki, na hasa mashati ya Hawaii yenye michoro ya masanamu, minazi na mienge, sijaona Nyanda za Juu Kusini soko linalozidi mitumba ya Mwanjelwa jijini Mbeya. Nasema hivyo baada ya kupita pia katika masoko ya Iringa, Makambako na Tunduma kwa kazi hiyohiyo. Tathmini hii inahusu upatikanaji wa mashati hayo, ubora wake, bei zake na namna wauzaji wanavyomhudumia mteja anayetafuta kitu ambacho wateja wengine hawakitafuti.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini vitu hivi vinafika Mbeya. Mtindo wa tiki ulianzia California, ambako Donn Beach alifungua baa yake Hollywood mwishoni mwa mwaka 1933, na Victor Bergeron akafungua ya kwake Oakland mwaka 1934, ile iliyokuja kujulikana kama Trader Vic's. Walizipamba baa hizo kwa mianzi, nyavu za wavuvi na masanamu yaliyoiga uchongaji wa visiwa vya Pasifiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliotoka kupigana Pasifiki walirudi na kumbukumbu za visiwa hivyo, kisha mwaka 1959 Hawaii ikawa jimbo la Marekani na ndege za jeti zikaanza kupeleka watalii huko, kila mmoja akirudi nyumbani na shati lake. Kufikia miaka ya 1970 mtindo huo ulikuwa umepoa. Wenye mashati wamezeeka, makabati yamefunguliwa na watoto na wajukuu, nguo zimepelekwa kwenye maduka ya hisani, na zisizouzwa huko zimefungwa kwenye mabelo na kupakiwa melini. Sehemu ya mabelo hayo hushushwa Dar es Salaam na kupandishwa kwa malori hadi Mbeya.

Kinachoifanya Mbeya iwe bora kwa mtafutaji ni baridi yake. Jiji liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, na kuanzia Juni hadi Agosti mteja anayeingia sokoni anataka sweta, koti au jaketi lenye kofia. Shati jepesi la rayoni, kitambaa laini kinachofanana na hariri, lenye mikono mifupi hakuna anayeligombea, kwa hiyo hushuka chini ya rundo na kubaki huko hadi bei ianguke. Wapo wafanyabiashara wanaoyatenga mashati mepesi na kuyapeleka Kyela, kwenye joto la Ziwa Nyasa, na ndiyo maana namshauri mtafutaji aje katikati ya msimu wa baridi na asisubiri Oktoba, wakati ambapo mashati ya maua huanza kutazamwa na kila mtu.

Mpangilio wa mitumba katika eneo hili unajulikana kwa wenyeji: ziko nguo za kutundika na ziko nguo za kumwaga. Za kutundika zimekwisha kuchambuliwa, zimefuliwa, zimepigwa pasi ya mkaa na kupangwa kwenye henga kwa rangi, na muuzaji wake anajua mvuto wa kila moja. Za kumwaga hulala kwenye turubai au juu ya meza ya mbao, na mwenye nazo husimama katikati akiita, "Buku, buku, chagua mwenyewe!" Kwa nguo za ofisini ningemwelekeza mtu kwenye henga bila kusita. Kwa mashati ya tiki hali ni kinyume kabisa, kwa sababu anayechambua belo huchagua kwa macho ya leo: anatundika shati linalong'aa, lenye jina la kampuni linalofahamika mjini, na analimwaga lile lililofifia, lenye kola ndefu iliyochongoka na vifungo vya kahawia. Hilo la pili ndilo tunalolitafuta.

Jambo jingine linalopaswa kueleweka ni kwamba hapa hakuna mzigo uliolala stoo miaka mingi. Soko la zamani la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006, na soko la Sido lililo jirani, ambako wafanyabiashara wengi walihamia, nalo likaungua mwaka 2011 na tena mwaka 2017. Wauzaji wameanza upya mara kadhaa, na bidhaa iliyopo ni ile iliyotoka kwenye belo la karibuni. Mtafutaji hana budi kujua siku ambayo muuzaji wake anafungua mzigo, na njia ya kuijua ni kuuliza kwa adabu na kurudi siku hiyo asubuhi.

Sasa nije kwenye kulisoma shati, kwa sababu hapo ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Michoro pekee haitoshi kamwe, maana mashati yenye minazi na masanamu yameendelea kushonwa hadi leo katika nchi nyingi. Vifungo vya kifuu cha nazi navyo havitoshi, kwa kuwa watengenezaji wa sasa huviweka makusudi ili kuiga ya zamani. Ushahidi mzito uko ndani ya kola na kwenye mshono wa ubavuni. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1960 iliwataka wenye viwanda kuonyesha kwenye lebo aina ya nyuzi na asilimia zake, na kanuni nyingine iliyoanza mwaka 1972 ikawataka kuweka lebo ya kudumu yenye maelekezo ya kufua. Kwa hiyo shati la Marekani lisilotaja nyuzi wala namna ya kufua huenda limeshonwa kabla ya mwaka 1960. Linalotaja nyuzi bila maelekezo ya kufua mara nyingi ni la kati ya mwaka 1960 na 1972. Na lenye vyote viwili ni la baadaye. Herufi RN zikifuatwa na namba, yaani namba ya usajili wa kampuni nchini Marekani, nazo husaidia, kwani namba kuanzia 13670 na kuendelea zimetolewa tangu mwaka 1959. Tahadhari yangu ni moja: lebo hukatwa. Kabla ya kuamua kwamba lebo haikuwepo, pitisha kidole kwenye mshono na utafute vipande vya uzi au matundu ya sindano yaliyobaki.

Baada ya lebo, tazama mfuko wa kifuani. Mshonaji makini alikata kitambaa cha mfuko ili mchoro wake uungane na mchoro wa kifua, na kazi hiyo hula kitambaa kingi na muda mwingi, ndiyo maana mashati ya bei rahisi huwa na mfuko unaokata jani katikati. Kisha shika kitambaa. Rayoni ya miaka ya 1940 na 1950 ni nzito kidogo, baridi mkononi, na huanguka kama hariri. Poliesta ya miaka iliyofuata hukwaruza na hukataa kukunjika. Kitanzi kidogo cha uzi au kitambaa kwenye ncha ya kola, cha kufungia kifungo cha juu, ni dalili nzuri ya miaka ya 1950 na 1960.

Kuhusu majina, wengi hutarajia kukuta Alfred Shaheen, aliyeanza kazi Honolulu mwaka 1948 na kuchapisha vitambaa vyake mwenyewe hukohuko, na ambaye shati lake jekundu lilivaliwa na Elvis Presley kwenye jalada la santuri ya mwaka 1961. Lebo yake sijaiona Mwanjelwa. Zinazopatikana ni Hilo Hattie, ambazo kwa kawaida ni za watalii wa miaka ya karibuni, na mara chache Reyn Spooner, inayotambulika haraka kwa sababu uso wa kitambaa hutazama ndani na rangi huonekana zimepauka kwa nje. Shati la Reyn Spooner halina haja ya kuwa la kale ili linunuliwe. Ushonaji wake unatosha.

Shati bora nililolipata lilikuwa kwenye meza ya mama mmoja anayeuza nguo za kumwaga upande wa mashati ya kiume. Lilikuwa la rangi ya kahawia ya udongo, lenye masanamu ya midomo mikubwa yaliyopangwa kwa safu za wima, na mienge ya moto wa rangi ya chungwa katikati ya safu. Nusu ya lebo ilikuwa imechanika na jina halisomeki, lakini upande uliobaki ulionyesha kwamba limetengenezwa Hawaii. Hapakuwa na maelezo ya nyuzi wala ya kufua, na mshono wa ubavuni ulikuwa safi bila alama ya kitu kilichokatwa. Mfuko ulikaa sawasawa kiasi kwamba sanamu moja ilipita juu yake bila mstari wa uso kuvunjika, na ilinibidi nipapase ili niuone ukingo. Kifungo cha tatu kilikuwa kimebadilishwa kwa kifungo cheupe cha sare ya shule.

"Shikamoo mama. Hili bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Elfu mbili, kama mengine. Hilo la masanamu limekaa hapo tangu nifungue mzigo, watu wanaliogopa."

Nilimweleza ni kitu gani, kwa nini nakitaka na takribani umri wake, kisha nikamlipa shilingi 5,000. Alimwita jirani yake aje kulitazama kabla halijafungwa, akaniaga kwa "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na tangu siku hiyo hunitengea mashati ya aina hiyo kila anapofungua belo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wapo watafutaji wanaoamini kwamba mnunuzi hodari ni yule anayenyamaza na kubana bei hadi shilingi ya mwisho. Katika soko ambalo muuzaji amenunua belo bila kuona kilichomo ndani na amebeba hasara yote peke yake, mimi naona kunyamaza huko si haki, na kibiashara pia ni hasara, kwani muuzaji asiyejua unachotafuta hawezi kukutunzia.

Kwa jumla bei ni nzuri mno. Nguo za kumwaga ni kati ya shilingi 1,000 na 3,000, za kutundika kati ya 5,000 na 10,000, na mapatano yapo kila mahali. Kasoro zipo. Hakuna mahali pa kujaribia nguo, hivyo vaa fulana nyepesi ndani. Mvua za masika hugeuza njia za baina ya meza kuwa tope. Na jioni mwanga hautoshi kuona doa la jasho kwenye kwapa, ambalo kwenye rayoni ya zamani mara nyingi ni mahali ambapo nyuzi zimekwisha kuoza.

Onyo langu kubwa halihusu meza za sokoni. Linahusu duka moja la nguo za kuchagua, ambalo sitalitaja, lililotaka shilingi 35,000 kwa shati lililodaiwa kuwa la Hawaii la miaka ya 1950. Ndani yake palikuwa na lebo laini ya kuchapwa yenye alama za beseni na pasi bila neno hata moja, jambo ambalo Marekani iliruhusu mwaka 1997. Muuzaji alipoonyeshwa alisisitiza kwamba "zamani walikuwa hivyohivyo." Anayelipa bei ya kitu cha kale ana haki ya kuonyeshwa dalili za ukale wake.

Iringa, kwa upande wa nguo hizi, inaweza kupitwa: mitumba yake ni safi na wauzaji ni wakarimu, lakini mashati mepesi ni machache. Vikombe vya kauri vya sura ya sanamu, vile vilivyotengenezwa kwa wingi Japani kwa ajili ya baa za Marekani, ni adimu kote huku. Nimekiona kimoja kwa muuza vyombo vya mtumba, kikiwa na neno "Japan" chini ya kitako, naye alikuwa akiwekea chenji na hakukubali kukiuza.

Wasomaji wengine wameniuliza kama inafaa kuvaa sura za miungu ya watu wengine. Masanamu hayo yametoholewa kutoka uchongaji wa Wamaori, wa visiwa vya Marquesas na wa Wahawaii wenyewe, ambako yalihusu miungu na wahenga, na wachoraji wa Marekani waliyachanganya bila kujali asili. Anayefahamu jinsi vinyago vya Kimakonde vilivyogeuzwa kuwa mapambo ya hoteli analielewa hili vizuri. Mimi huyakusanya kama kazi ya wachapaji na washonaji wa Honolulu, na silivai shati la masanamu kanisani wala msibani.

Ukishalipata shati lako, usimpe dobi yeyote kabla hujamwelekeza. Rayoni ikilowa hupoteza nguvu yake, kwa hiyo haisuguliwi wala haikamuliwi kwa kusokotwa. Hufuliwa kwa maji baridi na sabuni kidogo, hubanwa ndani ya taulo, kisha huanikwa kivulini ikiwa imelazwa. Pasi ipite ndani nje, kwa moto mdogo. Vifungo vya kifuu cha nazi vilivyopotea waulizie mafundi cherehani wa palepale Mwanjelwa, ambao huvikata kutoka kwenye nguo zilizochakaa na kuviuza kimoja kimoja. Nenda na shati lenyewe, kwa sababu unene wa kifungo ukizidi kidogo tu tundu la zamani huchanika.