BMS ya betri za lithiamu kwenye mashua ya matanga: ununue ipi?

Usiku ule tulikuwa tunaingia bandarini kwa injini. Upepo ulikuwa umekufa, na alteneta ilikuwa ikisukuma ampia 60 kwenye betri mpya za lithiamu. Ghafla skrini ya ramani ikazimika. Usukani wa kujiendesha ukanyamaza, taa ya mlingotini ikafa, na kutoka chumba cha injini ikatoka harufu ya plastiki inayoungua. Seli moja kati ya nne ilikuwa imevuka volti 3.65, na BMS, kifaa kinacholinda seli za betri, ikafanya kazi yake: ikakata. Tatizo ni kwamba ilikuwa na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) moja tu kwa kila kitu, na haikutoa onyo lolote. Alteneta ilipokosa betri ghafla ikarusha volti za juu zilizochoma dayodi zake yenyewe pamoja na redio ya VHF.

Tangu usiku huo, mtu akiniuliza anunue BMS gani, sianzi na bei wala uzuri wa programu yake ya simu. Nauliza: kabla haijakata, inamwarifu nani?

Kazi ya kifaa hiki inaeleweka upesi. Seli ya lithiamu ya chuma na fosfeti, aina inayotumika zaidi mashuani, ina volti 3.2, nne zikifuatana unapata 12.8. BMS huzuia seli yoyote isipite 3.65 wala isishuke chini ya 2.5, na huzuia kuchaji baridi ikifika chini ya nyuzi 0, kwa kuwa hapo lithiamu hujipaka ndani ya seli na kuiharibu moja kwa moja. Lazima ipime seli moja moja. Chaja inaona volti 14.2 na kuridhika, kumbe seli tatu ziko 3.50 na ya nne imeshafika 3.70.

Sasa nizipange, kuanzia ile ningeifunga kwenye mashua yangu.

Ya kwanza: BMS inayoendesha rilei za nje, chaji na matumizi kila kimoja na njia yake. REC Active BMS ya Slovenia na 123SmartBMS ya Uholanzi zinaweza kufungwa hivi. Alteneta, sola na chaja ya nchi kavu hupita rilei moja. Taa, redio, friji na inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, hupita nyingine. Seli ikikaribia kujaa, BMS kwanza inaziambia chaja ziache. REC inaweza kuzungumza na regyuleta ya Wakespeed WS500, ambayo hupunguza umeme wa alteneta taratibu, bila kuipokonya betri. Chaja isiposikia, ndipo rilei ya chaji inafunguka, na taa zako zinaendelea kuwaka. Hicho ndicho ningekilipia usiku ule kwa moyo mweupe.

Gharama yake ni kazi ya mikono. Waya ni nyingi, na kila seli inahitaji waya wake mwembamba au kibao chake kidogo, ambavyo chumvi ya bahari huvipenda sana. Chagua rilei za kujishikilia, zile zinazohitaji umeme wakati wa kufunga na kufungua tu. Rilei ya kawaida inayokula ampia 0.15 muda wote humaliza takriban Ah (ampia-saa) 3.6 kwa siku. Kwa mashua iliyotia nanga na kutegemea sola, hiyo si kidogo.

Ya pili: Victron Lynx Smart BMS. Hii ni kwa asiyetaka kujenga mwenyewe. Toleo la ampia 500 lina rilei kubwa ndani yake, kipimo cha chaji, na utaratibu wa kuijaza inveta polepole kabla ya kuunganisha, ili cheche isiharibu rilei. Inatoa onyo mapema na ina waya za kuamuru chaja zisimame. Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili: inakubali betri za lithiamu za Victron tu, na ikifikia kukata, inakata kote. Waya za kuamuru chaja zikifungwa sawasawa, kufikia hapo ni nadra. Zikiachwa zinaning'inia, na nimeziona zikining'inia, umenunua kifaa ghali chenye tabia ya kile cha bei poa.

Ya tatu: BMS zinazokata umeme kwa transista badala ya rilei, kama JK, JBD na Daly. Ni ndogo na rahisi, na kwenye simu unaona volti za kila seli. Mashua ndogo yenye sola, friji na taa inaweza kuishi nayo vizuri kwa sharti moja: alteneta isiguse betri ya lithiamu moja kwa moja. Iache ichaji betri ya risasi ya kuwashia injini, kisha umeme upite kwenye chaja ya DC kwenda DC, mfano Orion-Tr Smart 12/12-30 inayotoa ampia 30. BMS ikikata, alteneta bado ina betri ya kuegemea.

Hapa angalia sana uwezo wa kusawazisha seli, yaani kuzifanya zote ziwe na chaji sawa. Chukua seli za Ah 280 zilizopishana kwa asilimia 2, yaani Ah 5.6. BMS inayosawazisha kwa ampia 0.05 itahitaji saa 112, tena hizo ni saa za betri ikiwa karibu kujaa, kwa sababu katikati volti za seli hufanana mno. Ya ampia 1 inamaliza ndani ya saa 6. Na usiamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha. Inveta ya wati 3,000 kwa volti 12 huvuta zaidi ya ampia 250. Ndani ya kabati lisilo na hewa, transista hupata joto kali, na zikiharibika mara nyingi hubaki zikipitisha umeme, hivyo ulinzi unakuwa umetoweka bila wewe kujua.

Ya mwisho: betri iliyofungwa, BMS yake imefichwa ndani. Nyingi ni za ampia 100, huwezi kuona seli, na nyingi hazina waya wa kuamuru chaja. Ukiunganisha tatu sambamba, moja ikikata mzigo wake unaangukia mbili zilizobaki, nazo zinafuata. Kwa taa na pampu, sawa. Kwa winchi ya nanga wakati mashua inaburutwa kuelekea miamba, hapana.

Kiwango E-13 cha ABYC, shirika la Marekani linaloweka viwango vya mashua, kilichotoka mwaka 2022, kinataka nahodha apate onyo kabla BMS haijakata. Muulize muuzaji onyo hilo linatokea wapi. Kama jibu ni "kwenye simu," funga king'ora pale usukani ulipo. Tena BMS yoyote ile haiwi badala ya fyuzi: weka ya Class T, inayoweza kukata shoti ya ampia 20,000, karibu kabisa na betri.

Ukishafunga, ijaribu ukiwa bado umefungwa gatini. Andika kiwango cha juu cha seli kilichowekwa, kisha kishushe kwa muda hadi 3.40 na uwashe injini betri ikiwa karibu kujaa. Sikiliza: king'ora kilie kwanza, kisha injini ipate wepesi alteneta inapoacha mzigo, na kipimo cha ampia kirudi sifuri. Tazama taa ya mlingotini. Ikizimika, rudi kwenye waya kabla hujarudisha namba uliyoiandika.